Wafaransa Katika Chumba cha Eda

Mimi ni mtu wa kufungua madirisha. Mume wangu amelalamika mpaka amechoka: namwingizia mbu, namwingizia vumbi, namwingizia paka wa jirani. Sisikii. Siwezi kukaa katika chumba kilichofungwa hata mvua ikinyesha ya upepo, na watu hudhani ni jeuri tu. Sababu yenyewe sikuwa nikiifikiria sana mpaka majuzi, nilipokwenda kumpa pole rafiki yangu aliyefiwa na mumewe. Nilipoinua pazia la chumba chake, harufu ikanipiga usoni: sabuni ya mche, mkeka mpya, na nguo nyeupe zilizoanikwa ndani. Hapana udi, hapana marashi, hapana hata mafuta ya nywele. Nilikaa naye kadiri inavyostahili, nikasema yanayosemwa, kisha nikatoka uani nikavuta pumzi kama mtu aliyezamishwa kisimani. Harufu ile naijua. Niliishi ndani yake utotoni, mimi na mama, nyumbani kwetu Tabora.

Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba tumbaku. Akirudi kutoka Urambo alikuwa ananuka tumbaku kuanzia kofia mpaka soksi, na mimi nilikuwa naipenda harufu ile kuliko pipi alizoniletea. Msimu ulikuwa ukingoni homa ilipomshika safarini. Aliletwa hospitali ya Kitete, na kabla sijapelekwa kumwona nyumba yetu ilishajaa viatu mlangoni. Wanaume walimbeba wakaenda naye makaburini. Sisi wanawake tulibaki uani, kama ilivyo desturi, kwa hiyo nilichokiona mimi ni jeneza likitoka mlangoni na kupinda kona ya msikiti. Hakuna aliyenificha. Niliambiwa waziwazi kwamba baba amekufa, na neno lenyewe nililijua, maana kuku wetu walikuwa wanakufa kila mwaka kwa kideri. Nisichokijua ni kwamba neno lile halina marejeo.

Aliyeshika hatamu za nyumba baada ya hapo alikuwa Bibi, mama yake baba. Bibi ni wa ukoo wa Wamanyema, wale ambao wazee wao walifika Tabora na misafara ya pembe za ndovu, wakatua mizigo wasiende tena mbele wala nyuma. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, anayejua sheria zote za dini na nyingine kadhaa za kwake mwenyewe. Alimvisha mama nguo nyeupe, akamvua pete na hereni, akamwingiza katika chumba cha nyuma kukaa eda: miezi minne na siku kumi, asitoke, asijitie manukato, asionwe na mwanamume wa kuweza kumwoa. Dirisha likafungwa. Mlangoni akatundika pazia zito la kijani lililokuwa likitumika sebuleni siku za Idi.

"Mjane haachwi peke yake," Bibi akasema. "Huzuni ikimkuta mtu mpweke humla."

Wakatafuta mtu wa kukaa naye. Dada zangu walikuwa wanasoma, Shangazi Zainabu, mdogo wake baba, alikuwa na biashara yake ya vitumbua. Nikabaki mimi, ambaye sijaanza shule na sina kazi yoyote duniani. Basi nami nikaingizwa nyuma ya pazia, na mkeka wangu.

Joto la Tabora kabla ya mvua hamhitaji kuhadithiwa. Bati lilikuwa likilia juu yetu mchana kutwa, na maembe mabichi yakidondoka juu yake puu, nami nikisikia watoto wenzangu wakiyakimbilia na kuyagombania. Nilimjua kila mtu kwa sauti. Muuza asali ya Ipole alikuwa akipita asubuhi na baiskeli yenye kengele mbovu. Treni ilipopiga honi mama aliinua kichwa, kisha akakiinamisha tena. Ba'mdogo zangu walipokuja kumjulia hali waliishia upande wa pili wa pazia, wakazungumza na kitambaa.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo."

"Mungu akupe subira."

"Amina."

Basi, wakaondoka. Na mama akishasema hayo maneno mawili huwa amemaliza maneno ya siku nzima. Alikuwa hali, halii, hasemi. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo, nami nilikaa karibu yake nikiungoja huo mshindo, na hauji. Niliona wazi kwamba mama anaadhibiwa. Mtu ambaye hajakosa hafungiwi chumbani, na hereni hanyang'anywi. Kosa lenyewe ndilo sikulijua, na niliogopa kuuliza, nisije nikaambiwa kuwa nami nimo. Nilikuwa mnyonge mle ndani kupita kiasi, na nilikuwa namtaka baba.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuwa Mama Furaha, jirani wa nyumba ya tatu, Mkongo aliyevuka ziwa akashukia Kigoma na kupanda treni mpaka kwetu, akaanza kuuza vitenge sokoni. Ni Mkatoliki, mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa kinatuchekesha watoto wote wa mtaa. Alikuja kila jioni akaketi na mama, akamsemesha bila kujibiwa. Siku moja akaja na CD ndani ya mfuko wa rambo.

"Mama," akamwambia Bibi, "uyu mtoto wako atakufa. Hakuli, haongei. Muache aangalie filme. Iyi ni ya Bafaransa."

"Mwenye eda hatazami ngoma," Bibi akajibu.

"Hapana ngoma! Hapana muziki, hapana kucheza. Ni batu banaongea tu. Bafaransa banaongea sana, Mama, we utachoka mwenyewe."

Shangazi Zainabu, aliyekuwa akiikosa tamthilia yake tangu televisheni ilipofunikwa kanga kwa ajili ya msiba, akadakia kwamba mazungumzo si haramu. Bibi akafikiri. Akamtazama mama, aliyekuwa ameegemea ukuta na sahani ya wali imepoa mbele yake.

"Inahusu nini?"

"Inahusu mapendo," akasema Mama Furaha. "Na bwana anakufa. Bibi yake analia."

Hilo ndilo lililomshinda Bibi. Filamu yenye kifo na mjane, akaona, huenda ikawa na mawaidha. Televisheni ikahamishiwa chumbani, deki ikawekwa juu ya kigoda, na habari haikuchelewa kusambaa: kabla ya picha ya kwanza kutokea, wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa mkekani mpaka miguu ikakosa pa kunyooka. Mlango ulifungwa. Joto lilikuwa la tanuri la mkaa.

Filamu haikuwa na maandishi yoyote ya kusoma, na hata yangekuwapo nani angeyasoma. Mama Furaha alikaa mbele kabisa akawa ndiye mdomo wao. Nilichoelewa ni hiki. Kulikuwa na mume na mke, wote waigizaji. Nyumbani kwao walikuwa hawaelewani: mume akiongea, mke anafungua bomba la maji asimsikie. Ikifika jioni wanavaa nguo za kizamani, wanasimama kwenye jukwaa mbele ya watu waliokaa kwa safu, na hapo wanapendana mno. Kisha mume anachomwa upanga, anafia mapajani mwa mke. Mke anajifunika kitambaa cheusi, analia, na pazia kubwa jekundu linafungwa.

Chumba kizima kikapiga kite. Bi mmoja akaanza kulia kwa sauti.

"Inna lillahi," akasema Bibi, kwa heshima zote, kama vile maiti yuko mtaa wa pili.

Lakini picha iliyofuata, yule mjane alikuwa hotelini, mabega wazi, anakula na kunywa na wenzake na kucheka.

"Huyu si ndiye aliyefiwa?" Bibi akauliza.

"Ni yeye."

"Leo leo?"

"Mama, ule ni mchezo—"

"Na hereni masikioni! Na mdomo ameupaka rangi! Mume hata hajapoa!" Bibi akageuka kuwatazama wanawake wote mmoja mmoja, kama ushahidi unahitajika. "Eda yake amekaa saa ngapi huyu?"

"Kwa muda huo hata mchuzi hauivi," akasema mwingine.

"Ndiyo maana nchi zao zina baridi," akasema wa tatu, na hilo likakubaliwa na wengi. Shangazi Zainabu alijaribu kueleza kuwa ni maigizo, kama ya shuleni, hakuna aliyekufa. Akaambiwa anyamaze, upanga hakuuona? Aliuona. Basi.

Hapo ndipo filamu ikarudi jukwaani. Ikawa jioni nyingine, upanga ule ule, mume akafa tena mapajani pale pale, pazia jekundu likafungwa. Safari hii kamera ilibaki. Watu waliokaa kwa safu wakaanza kupiga makofi. Wakapiga, wakapiga, wengine wakasimama. Pazia likafunguka, na yule maiti akatoka. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akajipangusa vumbi magotini, akamshika mkewe mkono, wakainama pamoja mbele ya watu.

Sijawahi kusikia kelele kama ile ndani ya nyumba yetu. "Amefufuka!" "Astaghfirullah!" Mtu akamwaga chai. Bi aliyekuwa akilia akakasirika kabisa, akataka kujua machozi yake atarudishiwa na nani. Mama Furaha alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. "Anakufa kila mangaribi!" akasema. "Batu banapiga makofi, anarudi. Ni mchezo, bamama!"

"Mchezo gani wa kuchezea mauti?" Bibi akang'aka.

Ndipo mama akasema. Wote tulimsikia, kwa sababu sauti yake tulikuwa tumeisahau.

"Rudisha hapo."

Mama Furaha akaacha kucheka. Akachukua rimoti, akarudisha. Mume akafa, pazia likafungwa, makofi, pazia likafunguka, mume akatoka akijipangusa magoti. Mama alikuwa amesogea mbele, amepiga magoti karibu na kioo.

"Rudisha tena."

Ikarudishwa tena, na tena. Hakuna aliyetoa mzaha. Nilimtazama mama usoni, na uso ule, uliokuwa umefungwa tangu jeneza lilipopinda kona ya msikiti, ulikuwa umefunguka kidogo. Mwishowe Bibi akainuka mwenyewe, akaitupia televisheni kanga juu. "Yatosha," akasema, lakini aliisema taratibu, na jioni ile mama alikula wali wake wote.

Sasa nendeni na akili ya mtoto. Kila kitu kilinikalia sawa. Mama hakuwa anaadhibiwa. Tulikuwa nyuma ya pazia, kama wale. Baba amekufa, ndiyo, kama yule. Eda ni mchezo, na nilikuwa mjuzi wa michezo, nilijua kwamba mchezo una masharti na anayeyashika ndiye hushinda. Yule Mfaransa hakushika hata sharti moja, alivaa hereni, alikwenda hotelini, na bado mumewe alitoka. Je, mama yangu, aliyeshika yote? Siku pazia la kijani litakapofunguliwa, baba atatoka nyuma yake, ananuka tumbaku, anajipangusa magoti. Kitu pekee kilichotakiwa ni mama asiharibu.

Toka siku hiyo nikawa askari mkali kuliko Bibi. Pazia likiachia upenyo wa kidole, nililivuta. Jirani akija na marashi, nilimnusa mlangoni nikamwambia akanawe. Wanawake walicheka, wakasema mtoto huyu atakuwa mwalimu wa madrasa. Joto halikunisumbua tena, wala maembe. Nilikuwa na kazi, na nilikuwa na matumaini makubwa kiasi kwamba usiku nilishindwa kulala.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri moja kwa kishindo, baada ya upepo na vumbi jekundu. Bati likaimba. Mama alisimama katikati ya chumba akisikiliza, kisha akaenda dirishani, akafungua komeo na kutoa mkono nje. Alikuwa ameshafika mbali katika eda yake, na ulikuwa mkono tu, mpaka kwenye kiwiko. Maji yalimdondokea, akafumba macho. Alikuwa anatabasamu.

"Funga!" nikapiga kelele. "Mama, funga! Bado!"

Akashtuka. Nilikuwa nimeshamshika nguo kwa nyuma, navuta kwa nguvu zangu zote, nalia. Nilikuwa nimemwona baba akigeuka na kurudi alikotoka, kwa ajili ya mkono mmoja.

Mama alirudisha mkono ndani polepole. Alifunga dirisha.

"Hata wewe?" akasema.

Akaenda kuketi mahali pake ukutani, mkono wake ukidondosha maji kwenye mkeka, na hakuufuta. Sikuelewa maneno yale. Nilifarijika tu kwamba dirisha limefungwa. Leo nina watoto wangu, na yale maneno mawili huniuma bado, hasa nikiwa mwenyewe jikoni.

Siku ya kutoka eda wauza uyoga walikuwa wameshaanza kupita na beseni zao. Nyumba ilifagiliwa tangu alfajiri. Wanawake walimwogesha mama, wakamtia hina, na kwa mara ya kwanza udi ukafukizwa, moshi wake ukipenya chini ya pazia mpaka sebuleni. Mimi nilitolewa nje kwa kuwa nawasumbua miguuni. Sikuona ubaya. Mahali pangu palikuwa sebuleni, upande wa watazamaji. Nikavipanga vigoda vyote vya nyumba kwa safu, vikielekea pazia. Wanawake walipoviona walifurahi, wakasema nimewaandalia pa kukaa, wakakaa. Mama Furaha alikuja amevaa kitenge kipya, akanipa biskuti. Sikuila. Mikono yangu ilitakiwa iwe mitupu.

Bibi akasoma dua, wote tukaitikia amina. Kisha akalishika pazia la kijani na kulivuta upande mmoja.

Mama akatoka. Alivaa gauni la bluu, hereni zimerudi masikioni, hina nyekundu viganjani. Alikuwa amekonda, na alikuwa mzuri. "Alhamdulillahi," wanawake wakasema.

Nikasimama nikaanza kupiga makofi.

Wanawake wakacheka, mmoja wawili wakapiga pia kuniunga mkono, kisha wakaacha. Mimi sikuacha. Nilipiga kwa nguvu, kwa sababu wale wa Ufaransa walipiga kwa nguvu, na nilipoona hakuna anayetoka nikapiga zaidi, nikasogea mbele katikati ya vigoda, viganja vinaniwaka. Mama alinyoosha mikono anipokee. Nikainama pembeni ili asinizibe. Sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama nyuma yake, pazia.

"Yesu wangu," akasema Mama Furaha, akajiziba mdomo kwa kitenge.

Mama akageuka kuangalia ninachokiangalia. Alikaa hivyo, ametupa mgongo, mpaka sebule nzima ikanyamaza na kukawa na makofi yangu peke yake. Aliponigeukia tena alikuwa ameelewa kila kitu, hata lile la dirisha. Alinishika mikono yote miwili, ikanyamaza ndani ya mikono yake yenye hina. Akaniongoza, akalivuta pazia lote, tukaingia.

Chumba hakikuwa na mtu. Mkeka umekunjwa, dirisha liko wazi. Akanisubiri. Niliangalia uvunguni mwa kitanda. Niliangalia nyuma ya mlango, na nyuma ya kabati ambapo hata mimi nisingeenea.

"Hayumo, mwanangu," mama akasema. "Mimi nami nimemtafuta humu humu, kila siku."

Na hapo ndipo baba yangu alipokufa. Nililia mpaka nikakosa pumzi, kilio ambacho wenzangu walikuwa wamekilia tangu siku ya jeneza. Bibi alikuja mlangoni akakaa chini pale pale kizingitini na kujifunika uso kwa ushungi. Mama alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa na yeye hana nguvu. Akampita Bibi, akavipita vigoda, akatoka uani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu kiangazi. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Alisimama amefumba macho, miguu peku matopeni, nami nikilia shingoni mwake kwa sauti yangu yote, na siku hiyo hakuna aliyetuambia tunyamaze.